Wanafunzi 360, shule sita

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Baiolojia na nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Nimefanya utafiti katika shule sita za kata, wanafunzi 60 wa kidato cha pili kila shule. Katika shule tatu walimu walifundisha kwa vikundi kwa wiki nane; katika tatu nyingine waliendelea na njia ya kawaida, mwalimu anaeleza na wanafunzi wanaandika. Shule za vikundi nilizichagua karibu na mjini ili niweze kuzifikia kila wiki. Jaribio la mwisho lilitoa wastani wa 58, 49 na 61 kwa shule za vikundi, na 55, 46 na 52 kwa shule za kawaida. Jaribio la awali lilikuwa 50, 42 na 52 kwa za vikundi; 48, 41 na 45 kwa za kawaida. Nilitumia kipimo cha t kwa wanafunzi wote 360 (mkengeuko sanifu ni 16) nikapata p = 0.003. Msimamizi amerudisha sura ya nne, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Sampuli yako si 360." Nimehesabu karatasi upya, ni 360 kamili. Anamaanisha nini? Pia nina dodoso la motisha: uhusiano wake na alama ni 0.31 kwa wanafunzi wote, lakini nikitumia wastani wa shule unapanda hadi 0.85. Niandike upi? Natakiwa kutetea tasnifu kabla ya mwezi kuisha na naogopa kazi ya mwaka mzima imepotea.

JIBU: Mwalimu, karatasi ni 360 na hukukosea kuzihesabu. Msimamizi wako naye hajakosea. Kazi yako haijapotea. Kilichopotea ni ile p ya 0.003 peke yake (p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama hiyo kwa bahati tu, kama mbinu haina athari), na nitakuonyesha imekwenda wapi kwa namba zako mwenyewe, ili siku ya kutetea usiishie kusema "msimamizi aliniambia".

Kabla sijaingia kwenye takwimu nami nilifundisha Baiolojia, na jambo hili nililielewa nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kabla ya kulisoma kitabuni. Tulikuwa tunasahihisha mtihani wa pamoja wa shule kadhaa. Swali moja lilitaka mchoro wa moyo na majina ya sehemu zake. Nikafungua bahasha ya shule moja. Karatasi ya kwanza, ventrikali ya kushoto imeandikwa upande wa kushoto wa karatasi. Ni kosa la kawaida, maana moyo huchorwa kana kwamba mwenye moyo huo amekuelekea, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako. Karatasi ya pili, vilevile. Ya tatu vilevile, na aota nayo imetokea upande usio wake. Nilipomaliza bahasha nilikuwa nimekata alama zilezile karibu kwa darasa zima. Watoto hawakuibiana, majibu yao mengine yalitofautiana sana. Walikuwa wamenakili ubao mmoja, siku moja, kutoka kwa mkono wa mwalimu mmoja. Nilikuwa nimehesabu makosa zaidi ya 40, na kumbe kosa lilikuwa moja.

Hicho ndicho anachokwambia msimamizi wako. Wanafunzi 60 wa shule moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile vichache wanavyogawana, wiki ileile ambayo mvua ilikata barabara na mwalimu hakufika, wazazi wa kata moja wanaotegemea msimu mmoja wa mavuno. Ukishajua alama za wanafunzi 20 wa darasa hilo, wa 21 anakuletea habari mpya kidogo tu. Kipimo cha t hakijui hayo. Kinaamini kila namba uliyoingiza imekuja peke yake, haina ndugu wala jirani ndani ya faili. Ukiingiza 360, kinahesabu habari 360.

Ukitaka kuona kwa nini kinaamini hivyo, tazama kilikozaliwa. William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alikichapisha mwaka 1908 kwa jina la kalamu la Student. Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ndiye aliyejenga juu yake utaratibu mzima wa majaribio ya mashambani. Na shambani jambo hili liko wazi. Ukitia mbolea majaruba matatu ya mpunga, ukaacha matatu bila mbolea, kisha ukapima mashina 60 katika kila jaruba, hakuna mkulima atakayekubali kwamba umeijaribu mbolea mara 180. Umeijaribu mara tatu. Mbolea ilitiwa kwenye jaruba. Mbinu yako nayo ilitiwa kwenye shule, kwa sababu hukumpa mtoto mmoja vikundi na mwenzake wa dawati hilohilo ukamnyima. Ulimpa mwalimu, naye akawapa wote 60.

Sasa twende kwenye namba zako. Chukua kalamu, hesabu hii haihitaji kompyuta.

Wastani wa shule za vikundi ni 56, wa shule za kawaida ni 51. Tofauti ni 5. Kwa njia yako, kosa la makadirio ya tofauti hiyo (kiasi inachoweza kuyumba kwa bahati tu) ni 16 mara kipeuo cha pili cha (1/180 + 1/180), yaani takriban 1.69. Gawanya 5 kwa 1.69 upate t ya 2.96, na hapo ndipo 0.003 ilipotoka. Hesabu yenyewe haina kosa.

Sasa hesabu kwa shule. Una namba tatu upande huu: 58, 49, 61. Zinatofautiana na wastani wao kwa 2, 7 na 5. Zidisha kila moja kwa yenyewe na ujumlishe, 78. Upande wa pili 55, 46, 52 zinatofautiana na 51 kwa 4, 5 na 1. Jumla ya vipeo ni 42. Jumlisha 78 na 42, gawanya kwa 4 (shule sita toa makundi mawili), unapata 30. Huo ndio mtawanyiko wa shule kwa shule. Kosa la makadirio sasa ni kipeuo cha pili cha (30 mara 2/3), yaani 4.47. Gawanya 5 kwa 4.47: t ni 1.12 tu, na kwa digrii huru 4 (ile 4 uliyogawia) ulihitaji kufika 2.78. Thamani ya p ni 0.33. Masafa ya asilimia 95 yanaanzia pungufu ya 7 na kupanda hadi zaidi ya 17, yaani kwa ushahidi huu mbinu ya vikundi inaweza kuwa imeshusha alama 7 au imepandisha 17. Tofauti ni ileile 5. Kilichobadilika ni imani yetu juu yake.

Tazama tena orodha yako utaliona hata bila hesabu. Ndani ya shule za vikundi zenyewe kuna 49 na kuna 61, pengo la alama 12 kati ya shule zilizofundishwa kwa mbinu moja. Shule zikiwa zinatofautiana hivyo zenyewe kwa zenyewe, pengo la 5 kati ya tatu na tatu linaweza kutokea hata kama hakuna mwalimu aliyebadilisha chochote.

Kuna njia ya kupima kiasi cha kufanana huku, na naomba uiweke kwenye tasnifu kwa sababu wajumbe wa jopo wataiulizia. Mtawanyiko wote wa alama una vipande viwili: unaotokana na shule, na unaotokana na wanafunzi ndani ya shule. Kwa takwimu zako kipande cha wanafunzi ni takriban 239. Ule mtawanyiko wa 30 wa wastani wa shule ndani yake kuna kelele ya wanafunzi, 239 gawanya kwa 60, kama 4. Ukiitoa inabaki 26. Kwa hiyo 26 kati ya 265 ni ya shule, karibu sehemu 0.10. Asilimia kumi inasikika kidogo, na wengi huishia hapo wakasema haina madhara. Leslie Kish, aliyeandika sana juu ya uchaguzi wa sampuli, alitoa kanuni fupi ya kuona madhara yake: chukua idadi ya wanafunzi kwa shule, toa moja, zidisha kwa hiyo 0.10, ongeza moja. Kwako: 59 mara 0.10 ni 5.9, ongeza 1, inakuwa 6.9. Gawanya 360 kwa 6.9. Karatasi zako 360 zina nguvu ya wanafunzi 52 waliotoka kila mmoja mahali pake.

Kama umefadhaika, ujue waliokutangulia kwenye njia hii ni watu wakubwa. Mwaka 1976 Neville Bennett wa Chuo Kikuu cha Lancaster alitoa utafiti uliofuatilia madarasa 37 ya shule za msingi kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alihitimisha kwamba watoto wanaofundishwa kwa mtindo wa zamani, mwalimu mbele na wote wakimsikiliza, walipiga hatua zaidi katika kusoma, hesabu na Kiingereza kuliko wa madarasa ya mtindo huru. Mjadala ulikuwa mkubwa hadi magazetini na kwa wanasiasa. Lakini alikuwa amehesabu watoto, ilhali mtindo ulikuwa wa mwalimu. Mwaka 1981 Murray Aitkin na wenzake walizichambua upya takwimu zilezile, wakiainisha upya mitindo ya walimu na kuzingatia kwamba watoto wamekaa ndani ya madarasa. Tofauti zikanywea, zikawa hazina tena uzito wa kitakwimu. Kinachonigusa kila ninapowasimulia wanafunzi wangu ni kwamba kwenye orodha ya waandishi wa uchambuzi huo mpya jina la Bennett mwenyewe limo. Aliweka takwimu zake mezani akakubali zisomwe upya. Nataka uingie kwenye chumba cha kutetea ukiwa na moyo huo.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu una kitu ambacho wengi wanaoniandikia hawana. Una jaribio la awali.

Lipange hivi. Shule za vikundi zilianza na 50, 42 na 52, wastani 48. Za kawaida zilianza na 48, 41 na 45, wastani 44.7. Kabla hujamfundisha mwalimu hata mmoja jinsi ya kupanga vikundi, shule zako za mjini zilikuwa mbele kwa alama 3.3. Kati ya zile 5 ulizofurahia, theluthi mbili zilikuwapo kabla hujafika. Umeandika mwenyewe kwamba ulizichagua kwa sababu ziko karibu, na ninakuelewa, nauli ni nauli. Lakini shule iliyo karibu nawe iko karibu pia na walimu wanaokaa mjini, na vitabu, na umeme.

Kosa hili lina mfano ninaoufundisha kila mwaka. Mwaka 1930 huko Lanarkshire, Scotland, walifanya jaribio la maziwa kwa watoto wa shule 67. Watoto 20,000: elfu kumi walipewa maziwa kila siku kwa miezi minne, nusu yao mabichi na nusu yaliyopashwa moto kuua vijidudu, elfu kumi wengine hawakupewa. Ukubwa wa sampuli ulikuwa wa kutisha. Walimu walichagua watoto kwa kura au kwa alfabeti, lakini waliruhusiwa kubadilisha wakiona kundi moja limeelemewa na walioshiba au wenye afya duni. Mwaka uliofuata Gosset, yuleyule wa kipimo cha t, aliandika kwamba hapo ndipo jaribio lilipoharibika. Mwalimu anamwona mtoto aliyekonda, na moyo wake unamwambia ampe huyu maziwa. Matokeo yake, wasiopewa maziwa walikuwa tangu mwanzo wazito na warefu zaidi kuliko waliopewa. Isitoshe, watoto walipimwa uzito na nguo zao, Februari na nguo za baridi na Juni na nguo nyepesi. Mtoto wa mwenye uwezo alikuwa na nguo nzito za baridi za kubadilisha, maskini hakuwa nazo. Gosset alishauri kwamba jozi 50 tu za mapacha wa kufanana, mmoja anywe na mwenzake asinywe, zingetoa jibu la kuaminika zaidi kuliko watoto wale elfu ishirini.

Wewe huna mapacha, lakini jaribio la awali linakupa kitu cha kukaribia hapo: linailinganisha shule na yenyewe. Hesabu ongezeko la kila shule. Za vikundi: 8, 7, 9. Za kawaida: 7, 5, 7. Umeona? Shule zilizokuwa zimetawanyika kutoka 46 hadi 61 sasa zote ziko kati ya 5 na 9. Sehemu kubwa ya tofauti za shule ilikuwa ya tangu zamani, nayo imeondoka ulipotoa alama za awali. Wastani wa ongezeko ni 8 kwa 6.3, tofauti 1.7. Fanya hesabu ileile ya shule sita: kosa la makadirio ni 0.88, t ni 1.89, p ni 0.13. Masafa ya asilimia 95 ni kuanzia pungufu ya 0.8 hadi 4.1.

Linganisha masafa hayo na yale ya mwanzo. Ya kwanza yalikuwa na upana wa alama karibu 25, haya yana upana wa 5. Shule ni zilezile na wanafunzi ni walewale. Sasa unaweza kusema jambo lenye maana: mbinu ya vikundi katika wiki nane pengine haikushusha alama kwa kiasi cha kutia wasiwasi, pengine imepandisha kidogo, na haiwezekani sana kwamba imepandisha kumi. Mwalimu mkuu anayefikiria kubadilisha ratiba anaweza kulifanyia kazi hilo. Na tafadhali usiandike "mbinu haina athari" kwa sababu p imepita 0.05. Alama 4 bado zimo ndani ya masafa yako. Shule sita hazikutosha kuamua, basi.

Utaulizwa: ungefanya shule ngapi? Jibu zuri unalo tayari ndani ya kanuni ya Kish. Kama ungerudi kwenye shule zilezile sita ukapima wanafunzi 120 kila moja, ungekuwa na karatasi 720, lakini nguvu yake ingekuwa ya wanafunzi 56. Usahihishaji maradufu, faida ya wanafunzi wanne. Kumbe karatasi zilezile 360 ukizigawa shule 12 za wanafunzi 30, nguvu inafika 92. Shule 24 za wanafunzi 15, ni 150. Nauli inapanda, najua vizuri, na ndiyo sababu mahesabu haya hufanywa kabla ya kwenda uwandani. Laiti ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja katika mafunzo ya uzamili, ningeiweka kanuni hiyo kwenye pendekezo la utafiti, kabla dodoso halijachapwa.

Tafiti kubwa za kwetu zimejengwa hivyo. Utafiti wa KiuFunza hapa Tanzania, ulioendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014, ulitumia shule za msingi 350 katika wilaya 10, zikapangwa kwa kura: 70 zilipata ruzuku, 70 walimu wao waliahidiwa bonasi kulingana na matokeo ya wanafunzi, 70 zikapata vyote viwili, na 140 zikawa za kulinganishia. Kura iliangukia shule, na uchambuzi ukaheshimu shule. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Ruzuku pamoja na bonasi ilipandisha. Huko Busia, Kenya, utafiti wa dawa za minyoo wa Edward Miguel na Michael Kremer ulizigawa kwa awamu shule 75, si watoto mmoja mmoja, kwa sababu mtoto aliyetibiwa haambukizi mwenzake aliye jirani. Na palepale magharibi mwa Kenya kuna somo la chati za ukutani: ukilinganisha tu shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, chati zinaonekana kupandisha alama, lakini zilipogawiwa bila upendeleo kwa nusu ya shule 178, faida haikuonekana. Shule zenye chati zilikuwa na mengine mazuri tangu mwanzo, kama shule zako za mjini.

Sasa modeli yenyewe, kwa sababu nadhani msimamizi atakutajia modeli ya ngazi nyingi. Isikutishe. Inasema alama ya mwanafunzi ni jumla ya wastani wa wote, mchango wa mbinu, mchango wa alama yake ya awali, kipande cha shule yake, na kipande chake mwenyewe. Kipimo cha t cha kawaida hakina nafasi ya kipande cha shule, kwa hiyo hukimwaga chote ndani ya kipande cha mwanafunzi. Kwenye programu ya R, ukiwa na pakiti ya lme4, ni mstari mmoja:

lmer(mwisho ~ mbinu + awali + (1 | shule))

Ile (1 | shule) ndiyo inayosema "wanafunzi hawa wana nyumbani kwao". Programu ya SPSS nayo inayo, kwenye menyu ya modeli mchanganyiko. Ila kwa shule sita nakushauri modeli hii uiweke kiambatisho, usiifanye msingi. Inakadiria mtawanyiko wa shule kutokana na shule sita tu, na kadirio la vitu sita huyumba. Mara nyingine programu itakupa sifuri na kukurudisha kwenye kuhesabu wanafunzi 360 kana kwamba hawana shule. Hesabu ya shule kwa shule niliyokuonyesha ni ya zamani na ya kawaida sana, lakini kwa hali yako ndiyo imara. Ukija kufanya utafiti wa shule 30 au 40, hapo modeli itakufaa kuliko mkono.

Kuhusu motisha. Usiandike 0.85. Hiyo imetokana na nukta sita, na hata zingekuwa mia bado isingekuwa jibu la swali lako. William Robinson alilionyesha hili mwaka 1950 kwa sensa ya Marekani ya mwaka 1930. Akitumia majimbo, majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma. Uhusiano ulikuwa hasi, karibu 0.53. Akitumia watu mmoja mmoja, wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano zaidi wa kutojua kusoma, chanya ya karibu 0.12. Namba ziligeuka upande kabisa, kwa sababu wahamiaji walikwenda kuishi kwenye majimbo ambako wenyeji walikuwa wamesoma. Swali lako linahusu mtoto: je, mwenye motisha zaidi hufanya vizuri kuliko mwenzake wa darasa hilohilo? Basi kwa kila mwanafunzi toa wastani wa motisha wa shule yake, toa na wastani wa alama wa shule yake, kisha tafuta uhusiano wa mabaki hayo. Utakuwa umewalinganisha watoto wenye mwalimu mmoja. Ile 0.31 imechanganya ngazi zote mbili. Nisingeshangaa ikashuka kidogo.

Kwenye sura ya nne andika sentensi ya namna hii, kwa maneno yako: "Kwa kuwa mbinu ilitolewa kwa shule na si kwa mwanafunzi mmoja mmoja, uchambuzi umefanywa kwa ngazi ya shule. Ongezeko la alama katika shule za vikundi lilizidi lile la shule za kawaida kwa wastani wa alama 1.7 (masafa ya asilimia 95: −0.8 hadi 4.1; shule sita)." Chini yake weka jedwali la shule zote sita, awali, mwisho na ongezeko, ili msomaji aone namba 18 kwa macho yake. Kwenye sura ya tatu sema wazi kwamba shule hazikuchaguliwa kwa kura na eleza sababu ya umbali. Ile p ya 0.003 unaweza kuitaja mara moja, kuonyesha ingekuwaje kama kufanana kwa wanafunzi kungepuuzwa. Mimi ningeitaja, kwa sababu mwanafunzi wa uzamili atakayesoma tasnifu yako mwakani ataipata hiyohiyo kwenye kompyuta yake.

Kazi ya leo jioni ni ndogo. Fungua faili lako uangalie kama safu ya jina la shule bado ipo kwa kila mwanafunzi. Wengi huifuta wakati wa kuunganisha mafaili, wakabaki na namba 360 zisizojulikana zilitoka wapi. Kama imefutika, rudi kwenye bahasha za karatasi na uiandike upya kabla hujakokotoa kitu kingine chochote.